Gari Lililozunguka Dunia Mara Tatu

Kosa langu la kwanza, ambalo ndilo lililozaa mengine yote, lilikuwa kuamini kwamba umri wa gari uko kwenye saa yake ya maili. Zile tarakimu ndogo nyuma ya kioo nilizichukulia kama cheti cha kuzaliwa, na niliona kwamba mtu anayeweza kuzisoma hana haja ya kusikiliza porojo za mtu mwingine. Niliyaamini hayo nikiwa kijana ambaye hajawahi kuendesha gari zaidi ya kulizungusha lori la misheni uwanjani, mara moja, mchungaji akiwa safarini.

Mambo ya magari nilijifundisha mwenyewe. Nilikuwa nauza vitambaa katika duka la Mhindi mjini Mbeya, na kwenye rundo la karatasi za kufungia nilikuta kitabu cha mafundi cha Kiingereza, hakina jalada wala kurasa za mwisho. Nilikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, mpaka nikaijua kazi ya pistoni kabla sijawahi kuiona pistoni kwa macho. Kuanzia hapo nikaanza kuwadharau watu. Nilimdharau dereva anayepiga gurudumu teke na kusema bado zima. Nilimdharau fundi anayekaza nati kwa hasira, kana kwamba nati imemtukana. Niliwadharau hata wazee wa kanisa letu kule Umalila, waliokuwa wakilipapasa gari ubavuni kama ng'ombe kabla ya kupanda. Mimi nilikuwa mtu wa kukunja mashati kwa kupima na rula. Sikulala kama kiatu kimoja kimekaa mbele ya mwenzake. Mtu wa namna hiyo, nilijiambia, ndiye anayefaa kuchagua gari.

Bahati mbaya kaka yangu naye aliamini hivyo.

Kaka alikuwa amerudi kutoka Joni, kama tulivyoiita migodi ya Afrika Kusini. Alirudi na sanduku la bati, akiba yake yote, na kikohozi kilichoanzia mbali, chini ya mbavu. Kila alipokohoa, mama aliacha kusonga ugali, akangoja kiishe, ndipo akaendelea. Kaka alitaka kununua Landrova. Malori hayakuweza kupanda Umalila wakati wa masika. Viazi vilioza mlimani huku watu wa Mbalizi wakivitafuta. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lingeviteremsha, na kiangazi lingekwenda Rujewa kuchukua mpunga.

"Mdogo wangu," aliniambia, "mimi nalijua shimo. Gari unalijua wewe. Chagua. Nikikosa gari, najiandikisha tena."

Ofisi ya kuandikisha watu wa migodi haikuwa mbali, na haikuwahi kumkataa mtu mwenye mikono miwili. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kwetu sote, hata kwa mama ambaye hakulisema: tukipata gari zuri kaka anabaki juu ya ardhi, tukikosa anarudi chini. Nami nilikabidhiwa jambo hilo nikiwa na kitabu kisicho na mwisho.

Gari la kwanza tulilitazama Mbalizi, siku ya soko. Dalali aliyekuwa akiliuza alivaa koti la mvua, mvua iwepo isiwepo, na alikuwa na tabia ya kumshika mtu kiwiko wakati wa kuongea, kana kwamba mtu huyo naye ni mali ya kuuza. Nilimchukia kwa hicho kiwiko tu. Landrova yenyewe ilikuwa aibu. Rangi ya kijani ilikuwa imebanduka vipande vipande, mlango mmoja ulifungwa kwa waya, na kiti cha dereva kilikuwa gunia lililojazwa sufi. Ilikuwa imemtumikia msimamizi mmoja wa barabara, Mbeya na Iringa, kwenda na kurudi, miaka yake yote.

"Ingia, mwanangu, usiogope," dalali alisema. "Haing'ati."

Niliingia, nikafuta vumbi kwenye kioo kwa leso, nikasoma. Zilikuwa zaidi ya maili sabini na tano elfu. Nikatoka nje polepole, kwa maana nilikuwa nimeona watu wanatutazama.

"Mnajua dunia ina maili ngapi kiunoni?" niliuliza. Hakuna aliyejua, kama nilivyotumaini. "Ishirini na tano elfu. Gari hili limeizunguka dunia mara tatu."

Akina mama wa vitunguu walishika midomo. Dalali alifikiri kidogo.

"Basi limeshazoea," alisema.

Watu wakacheka, na kicheko kilikuwa chake. Sikuvumilia. Nilinyoosha kola yangu nikasema, kwa sauti ya kuwafikia hata walio kwenye maharage, "Hili si gari. Ni maiti ambaye ndugu zake wamekosa sanda." Sasa wakacheka zaidi, na safari hii kicheko kilikuwa changu. Mzee mmoja alirudia neno kwa neno ili mke wake asikie. Nakiri kwamba sijawahi kufurahi namna ile, hata siku ya kipaimara.

Kaka hakuwa anacheka. Alikuwa ameliwasha gari, ameweka kiganja juu ya boneti, ameinamisha kichwa.

"Linapumua vizuri," alisema.

"Kaka, wewe umezoea pampu za shimoni."

Akaondoa mkono. Alinikubalia kwa heshima, si kwangu, bali kwa kitabu changu. Tulipokuwa tunaondoka dalali alinifuata na kunishika kiwiko.

"Fundi wa karatasi," alisema bila hasira, "Mbalizi ni padogo. Tutaonana."

Habari za gari la pili zilinifikia dukani. Mlowezi mmoja, kwenye milima iliyo nyuma ya mji wa Iringa, alikuwa anauza mali zake arudi kwao. Tulipanda basi mpaka Iringa, tukapata lori la kuni mpaka shambani kwake. Hatukuruhusiwa kungoja mbele ya nyumba. Mbele kulikuwa na nyasi ambazo, inaonekana, zilivumilia mbwa lakini hazikuvumilia viatu vyetu. Tukasimama kando ya jiko, kwenye baridi na ukungu wa Iringa, tukimtazama mbwa akipewa nyama. Muda wote huo nilikuwa nikimdharau mwenye nyumba kwa ukamilifu: magoti yake mekundu, kaptura yake yenye madoa, kopo lililofungwa kamba mlangoni liwe kengele. Nilijiambia kuwa mtu asiyeweza kufunga kengele ya haki hana cha kunifundisha.

Alipokuja hakutusalimu. Alitupeleka kwenye banda na kufungua mlango.

Hakika ilikuwa nzuri. Rangi iling'aa, viti vilikuwa vizima, milango yote miwili ilifunga kwa mlio mmoja. Nilikwenda kwenye saa ya maili kabla ya kitu kingine chochote. Haikufika hata maili elfu nne. Nililizunguka gari nikitazama chini ya kila kitu, nikachomoa kijiti cha kupimia oili na kukifuta kwa leso yangu mwenyewe. Jambo moja tu liliniudhi: sakafu ya banda na uwanja wake wote vilijaa unga wa mbao, tena mwingi, umerundikana ukutani kama kichuguu, nao ulikuwa unaingia kwenye viatu vyangu vipya. Nikavua kimoja, nikakung'uta, nikavaa tena.

Nyuma ya gari kulikuwa na puli ya chuma, ile ya kuvalishwa mkanda. Iling'aa kama shilingi mpya. Niliipitishia kidole.

"Tazama, kaka. Hata kutu haina."

"Inafanya kazi gani?"

"Ya kuzungushia mashine. Unasimamisha gari, unavalisha mkanda, injini inazungusha msumeno au kinu. Ni kitu cha ziada tu." Puli niliijua vizuri. Ilikuwa na picha kabisa kwenye kitabu changu. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Ningekuwa mjinga ningekuwa na udhuru.

"Na gari lenyewe," kaka aliuliza, "limekuwa likifanya nini hapa miaka yote hii?"

"Limesimama. Ndiyo maana maili ni chache. Gari halichoki likiwa limesimama."

Mlowezi alikuwa anasikiliza. Akacheka, akanigonga bega.

"Kijana hii iko na kichwa," alisema. "Iko kama fundi ya Ulaya kabisa."

Na mimi, niliyekuwa nimemdharau tangu jikoni, nikasikia joto linanipanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Dharau yangu yote kwa mtu yule iliyeyuka kama samli juani. Hakuninunua kwa fedha. Aliniambia neno moja zuri kwa Kiswahili kibovu, nikawa wake.

Kaka aliliwasha gari, akaweka kiganja chake juu ya boneti kama alivyofanya Mbalizi. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Linapumua kama mimi," alisema.

"Ni baridi ya huku. Likipata moto litatulia."

Alinitazama. Kisha akafungua kifundo cha leso yake na kulipa.

Njia ya kurudi sitaieleza sana, kwa sababu kila nikiikumbuka natamani kumpiga kofi yule kijana aliyekaa kushoto kwa dereva na kuzungumza. Kaka aliendesha, leseni alikuwa ameipata hukohuko Joni. Kabla ya Mafinga moshi wa buluu ulianza kutufuata. Nikasema ni oili mpya. Tulipopita Makambako tulikuwa tumeongeza oili, tukaongeza tena, na mimi nikasema magari yaliyokaa muda mrefu hunywa kwanza. Usangu tuliipita vizuri kwa kuwa ni tambarare, nami nikaona tambarare ile ni ushahidi upande wangu. Nikamweleza kaka kazi ya ringi za pistoni. Alikuwa anakohoa. Tulipoanza kupanda kuelekea Mbeya, injini iligonga, ikagonga tena kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa, ikanyamaza.

Tulikaa kando ya barabara tukingoja lori la kutuvuta. Sikutaka kukaa karibu na kaka, kwa hiyo nilikwenda nyuma ya gari, nikaketi chini, uso kwa uso na ile puli.

Jua lilikuwa linaipiga. Chuma hakijisugui chenyewe. Mkanda ndio ulioisugua, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa kioo. Gari lilikuwa limesimama, naam, likinguruma bandani kutwa nzima na kupasua magogo, huku magurudumu yametulia. Na saa ya maili haihesabu kitu kingine ila magurudumu. Kile kichuguu cha unga wa mbao kilikuwa ndiyo saa yake ya kweli. Nilikuwa nimesimama juu yake. Nilikuwa nimekung'uta kiatu. Niliingiza kidole kwenye mshono wa kiatu na unga bado ulikuwamo, mwekundu kidogo, una harufu ya mkaratusi.

Nilikwenda nikamweleza kaka. Nilimweleza kwa mpangilio mzuri, kama kitabuni, kwa sababu nilikuwa naogopa kulia. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameketi juu ya jiwe.

"Kwa hiyo limefanya kazi kama mimi," alisema. "Haliendi popote, lakini linachoka."

Hakunilaumu. Ningelipa chochote anilaumu. Lori la mpunga kutoka Rujewa lilipotufunga kamba, aliniambia kwa upole tu kwamba baada ya Jumapili atakwenda ofisini kujiandikisha, na kwamba nisimwambie mama kabla ya ibada.

Jumamosi nilikwenda Mbalizi kwa dalali. Nilikuwa nimepiga pasi shati langu mara mbili, upumbavu mtupu. Alikuwa amekaa ndani ya ile Landrova mbovu, kwenye gunia lake la sufi, anakula muhogo. Nilimweleza yote. Alinisikiliza kwa raha, na sikumwona akificha raha hiyo.

"Maiti bado hajazikwa," alisema. "Tangu siku ile kila anayekuja ananiambia, mlete kwanza yule kijana anayeijua dunia. Umenifungia biashara. Haya, nipeleke nikaone hilo bikira lako."

Alilipekua gari letu kuliko nilivyolipekua mimi, bila leso. Gia nzuri, springi nzuri, bodi kama imetoka kiwandani, injini imekwisha. Alisema injini atajua mwenyewe atakavyoifanya ingurume. Nilijua maana yake, yaani ringi za kuokoteza na oili nzito. Mimi nilimdharau papo hapo. Halafu nikakumbuka nimekwenda kumwomba.

"Gari kwa gari," alisema na kunishika kiwiko. "Lakini soko lijalo utasimama palepale uliponifanyia matanga, utawasomea watu saa ya maili ya hili lako. Namba tu. Neno jingine usitie. Likinunuliwa, kaka yako anachukua funguo za langu."

Nilimwomba kaka asijiandikishe mpaka siku ya soko. Alikubali, kama mtu anavyomkubalia mgonjwa.

Siku ile watu walikuwa wengi, na walinikumbuka. "Fundi wa dunia amekuja," walisema akina mama wa vitunguu. Kaka alikuwa ndani ya lile gari kuukuu, mikono kwenye usukani, hatazami upande wetu. Aliyejitokeza kununua alikuwa bwana mmoja kutoka Iringa, mwenye tai na kalamu mbili mfukoni, mzee wa kanisa kwa jinsi alivyotamka kila neno kama anasoma tangazo la ndoa. Dalali alinipa ishara. Nikaingia, nikafuta kioo, nikatoka, nikaisoma ile namba. Haikufika elfu nne. Sikukosea hata tarakimu.

Watu walinong'ona kwa kuridhika. Nilipaswa kunyamaza hapo. Sitajisifu kwamba ni uadilifu ulionifungua mdomo. Namba ile, ikiachwa peke yake, iliniwasha kama kola isiyopigwa pasi. Nilimtazama kaka kwenye lile gari, nikajua ninachokwenda kuharibu, na bado nikasema.

"Lakini bwana, injini hii imepasua mbao miaka mingi. Gari lilikuwa limesimama, injini inafanya kazi. Saa haihesabu hayo."

Dalali alifumba macho. Kaka alishusha mikono kutoka kwenye usukani.

Yule bwana alinitazama kuanzia viatuni, akapanda taratibu, akaishia kwenye shati langu. Ninaujua mtazamo ule. Ni wangu.

"Kijana," alisema, "gari halichoki likiwa limesimama. Wewe soma ulichoambiwa usome."

"Bwana, tazama puli ya nyuma—"

Alikwenda kuitazama. Alitoa leso nyeupe mfukoni, akaipangusa, akawageukia watu. "Inang'aa," alisema. "Gari limetunzwa." Watu wakaitikia kwamba limetunzwa. Mzee yuleyule aliyerudia maneno yangu ya maiti alirudia sasa maneno ya huyu, ili mke wake asikie. Nilisema tena, kwa sauti zaidi, na mtu mmoja nyuma akaniambia niache wivu.

Alilipa palepale. Dalali alimrushia kaka funguo kupitia dirishani.

"Zungukeni mara ya nne," alisema. Kisha akanigeukia. "Na wewe, ungeniua leo. Ila nakushukuru. Wangeona nimekuziba mdomo, wasingenunua."

Nilimdharau yule bwana mwenye tai kwa wiki nyingi, kwa kuwa ilikuwa njia rahisi ya kutomwonea huruma. Sikumwona tena.

Masika yalipoanza tulipanda Umalila kwa mara ya kwanza. Matope yalifika nusu ya magurudumu, mlango wa waya uligonga njia nzima, na lile gari kuukuu lilipanda kama mzee anayekijua kilima chake, halina haraka wala halisimami. Mama alikuwa amesimama juu kwenye magunia ya viazi na shuka kichwani. Tulipofika alisogea. Aliweka kiganja juu ya boneti, kama wanavyofanya huko kwetu, akakiacha hapo.

Kaka hajarudi Joni. Bado anakohoa, lakini anakohoa nyumbani. Mimi niliacha duka la vitambaa, na sasa ndiye ninayelitengeneza lile gari. Kitabu bado ninacho, kimejaa oili. Watu huniita kuwatazamia magari wanayotaka kununua. Saa ya maili naisoma mwisho. Kwanza nauliza gari lilikuwa likifanya kazi gani.